Gari Zile Zilikuwa Zangu

Naomba nianze na neno moja ili tusichoshane: gari zile zilikuwa zangu. Si za mume wangu, si za mabinti wetu wawili, si za mtoto wa jirani aliyezisahau kwangu. Zangu. Mimi, mama wa miaka hamsini na kitu, muuza mitumba ya watoto pale soko la Kadutu, ndiye niliyezitafuta moja moja, nikazisugua kwa mswaki wa zamani, nikazitia tone la mafuta ya cherehani kwenye magurudumu, nikazipanga kwenye kabati la vioo sebuleni. Kumi na nane. Anayebisha aje anitajie hata tatu.

Ya kwanza ilitoka ndani ya baloti. Wale wanaofunga mitumba huko Ulaya hawaangalii mifukoni. Unakuta kijiko, unakuta soksi moja, unakuta karatasi ya pipi. Siku hiyo nilitia mkono katika mfuko wa koti la mtoto, nikagusa kitu kizito, baridi. Nikadhani ni kufuli. Kumbe ni gari, inaenea kiganjani, ya chuma kweli, nyekundu, na chini ya tumbo wameandika Mustang, 1967. Kapo, kile kifuniko cha mbele, linafunguka. Na ndani, jamani, kuna injini na waya zake!

Fundi wa gari aliyekuja kununulia watoto wake nguo akaishika, akapiga mluzi. Akanieleza kwamba Wamarekani wa zamani walikuwa wanachukua gari ya kawaida, ya kupeleka familia kanisani, wanaitia injini yenye nguvu za lori, halafu vijana wao wanapigana mbio barabarani. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sisi huku, ukipanda Kadutu wakati wa mvua, hata pikipiki inaomba Mungu. Lakini nikashikwa nazo. Tangu siku hiyo niliwaambia wamama wenzangu wa soko: mukikuta gari ya chuma, muniwekee. Wakaniwekea, na kila mara swali ni lile lile. "Ni ya mujukuu?" Sina mjukuu! "Basi ni ya papa wa nyumba." Mwanamke akipenda sufuria hakuna anayemuuliza ni ya nani. Akipenda gari, lazima kuna mwanaume nyuma yake.

Mume wangu alikuwa mwalimu wa hesabu. Hakununua hata moja. Nilimfundisha, Mungu ananiona: Charger ya sitini na nane taa zake za nyuma ni za mviringo, mbili upande huu na mbili ule, lakini ya sitini na tisa taa zake ni ndefu. Anaitika "eeh, eeh" huku anasahihisha madaftari. Kesho yake hajui Charger wala Camaro. Lakini ndiye aliyemleta seremala apime ukuta atutengenezee kabati, na kwa hilo nilimpenda, siwezi kukana. Ndugu zake wakija Noeli kutoka Kasha, alikuwa anasimama mbele ya kabati, mikono nyuma, kama mkaguzi wa shule. Mimi niko jikoni na sombe yangu, mboga ya majani ya muhogo, nasikia wanashangaa, wanacheka vizuri. Nikawa nadhani ananisifu. Mjinga mimi!

Akafa kwa ugonjwa wa siku tisa. Hayo siyasimulii.

Niwasimulie siku ya kumaliza kilio. Asubuhi tulikwenda misa, mchana watu wakala, kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ikazunguka, halafu familia mbili zikakaa sebuleni, ya marehemu upande wa dirisha, yangu upande wa mlango. Siku hiyo ndipo nguo za marehemu zinagawanywa. Mjane anakaa kwenye mkeka na hasemi. Ana msemaji kutoka ukoo wake, na wangu alikuwa kaka yangu mkubwa. Ukifungua mdomo mwenyewe, watasema machozi yako yalikuwa ya maji ya bomba. Kwa hiyo asubuhi ile, kabla ya misa, nilimshika kaka yangu mkono nikamwambia: "Nguo wachukue zote, ndiyo desturi. Lakini wakigusa gari, useme ni zangu." Akasema, "Nimesikia, dada." Alisikia! Si kiziwi yule.

Baba mdogo wa marehemu ndiye aliyegawa. Koti la kuvaa kanisani likaenda kwa shemeji yangu, mdogo wa marehemu. Viatu, saa, mikanda, vyote vikapata watu. Lile koti nilikuwa nimelipiga pasi mimi mwenyewe, na liliponipita puani nilijikaza nisilie tena.

Halafu mzee akageuza kichwa kwenye kabati.

"Sasa," akasema, "tufike ku ile kitu marehemu alipenda kupita zote. Zile gari. Zitagawanywa kwa batoto banaume ba famille. Famille ya bibi, muko na neno?"

Nikamwangalia kaka yangu. Kaka yangu akaangalia viatu vyake.

"Hapana, papa," akasema. "Hatuna neno."

Nilimfinya paja mpaka akaruka. Akaniinamia sikioni: "Niseme nini mbele ya batu? Kwamba dada yangu, maman mzima, iko anacheza na gari? Uniurumie." Nimhurumie yeye? Mjane ni mimi, anayeomba huruma ni yeye! Na shemeji alikwisha simama, alikwisha fungua kioo, Charger yangu ya sitini na nane iko mkononi mwake, vidole vina mafuta ya nyama. Mmoja akaleta mfuko mtupu wa mchele. Mfuko wa mchele, kwa gari zenye vioo vya upande!

Nikasimama pale pale juu ya mkeka.

"Papa, munisamehe," nikasema. "Zile gari ni zangu."

Halafu wakacheka. Haki ya Mungu, wakacheka katika nyumba ya kilio, hata wamama wa upande wangu walifunika mdomo kwa kitenge. Shemeji hakucheka. Akanijibu kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza.

"Shemeji, usichoke bure. Kaka mwenyewe njo alikuwa anatuambiaka. Kila Noeli. Hii alinunua Kigali, ile rafiki yake alimutumia kutoka Amerika. Alituonyesha yote, pale pale mbele ya kabati."

Pale pale mbele ya kabati. Mikono nyuma.

Miaka yote ile, mimi nakoroga sombe jikoni, mwenzangu sebuleni ananivua gari zangu moja moja na kujivika yeye. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea. Rafiki wa Amerika! Mtu ambaye hakuwa na rafiki hata Uvira!

Mama mkwe wangu alikuwa ameketi karibu na dirisha. Niwaambie yule mama alikuwa nani kwangu. Kila Jumapili alishuka kutoka Kasha tukala pamoja sambaza za kukaanga, dagaa wetu wa ziwani, yeye anapenda vichwa. Nilipojifungua mabinti bila mtoto wa kiume na watu wakaanza midomo, ndiye aliyewafukuza na fagio. Makaburini alinishika kiuno nisianguke, yeye mwenye kufiwa na mtoto. Sasa akainua macho.

"Mutoto wangu hakukuwa muongo," akasema.

Baba mdogo akaweka glasi chini. "Bibi, umesikia. Maneno ya marehemu hatuyapingi hivi hivi. Unataka kusema alitudanganya? Sema hapa, mbele ya mama yake, tusikie."

Hapo ndipo waliponifikisha. Nikinyamaza, gari zinaingia kwenye mfuko wa mchele, na miaka yangu yote ya kutafuta inakuwa ya mtu mwingine. Nikisema, namwita mtu wangu muongo siku ile ile tunayomwachia aende, na mama yake anasikia kwa masikio yake. Kaka yangu ananivuta kitenge nikae. Nami nilimtazama mama mkwe, natafuta njia ya katikati. Mngenipa mwaka mzima nisingeiona.

"Ndiyo," nikasema. "Aliwadanganya. Aliona haya kwamba mimi, bibi yake, napenda gari."

Hakuna aliyecheka tena. Baba mdogo akatikisa kichwa, akasema vitu hivyo viachwe, si vya kutia familia vita. Shemeji akarudisha Charger, kichwa chini magurudumu juu. Niliigeuza. Mama mkwe akajifunga kitenge chake, akachukua fimbo, akapita mbele yangu kama mtu anayepita jiwe njiani. Hakunitukana. Angenitukana ningejua pa kuanzia.

Sasa ni zaidi ya mwaka. Gari ziko zote kumi na nane, na nimeongeza Camaro moja ya buluu. Sokoni wanasema nilimuuza mama mkwe kwa vitu vya kuchezea. Waseme. Mtu asiyekuwa na kitu chake hata kimoja duniani hawezi kunielewa, na nikirudishwa kwenye mkeka ule nitasimama tena. Hasira yangu haiko kwao. Iko kwa yule aliyelala kule juu. Angesema tu, akiwa hai, "Ni za bibi yangu," wangemcheka Noeli moja, wangekula, wangesahau. Hapana. Alikimbia kicheko cha siku moja, akaniachia mimi kumwambia mama yake. Nikimpelekea maua namgombeza kwanza, kwa sauti, watu wa makaburi ya jirani wanageuka.

Na Jumapili ikifika nakaanga sambaza, natenga vichwa vingi, binti yangu anapanda gari na kumpelekea mama mkwe sufuria Kasha. Wiki iliyopita sufuria ilirudi tena. Kitambaa nilichofungia hakikuwa kimefunguliwa, ni fundo langu lile lile.