Muunganisho wa Kumi na Saba

Saa sita kasoro dakika kumi fomu zilikuwa zimekwama, na mlango wa maombi ya chuo cha uuguzi ungejifunga wenyewe saa sita kamili. Fundi wa hifadhidata, binti aliyezoea kunyoosha hata waya wa kipanya kabla ya kuketi, alikodolea macho dirisha jeusi la kuandikia amri.

Simu ikatetemeka. Alikuwa mdogo wake.

"Dada, kiduara kinazunguka tu! Mwenye duka la intaneti ananiuliza kama nimehamia, nilete na godoro."

"Usifunge ukurasa. Usiguse kitu."

"Nisiguse, nisipumue. Dada, mwakani umri umenipita."

"Najua, mdogo wangu."

Aliandika amri ya kuorodhesha miunganisho yote ya seva. Ilikuwa mia moja, imejaa pomoni, na tisini na tisa ilikuwa ikiungoja mmoja tu: wa kumi na saba, uliofunguliwa saa mbili asubuhi, ukaifungia orodha ya waombaji na kuikalia kimya.

"Wahuni hao," alisema mkuu wa kitengo, amesimama nyuma yake na kikombe mkononi. "Kata!"

"Nimtambue kwanza, mzee."

"Utamtambua akishatuzika?"

Fundi akasogeza orodha pembeni, akasoma jina la kompyuta iliyoufungua muunganisho huo. Ilikuwa yake.

Asubuhi ile alikuwa akirekebisha tarehe moja ya kuzaliwa iliyokosewa. Kwa desturi yake aliifungia orodha nzima isiguswe, akaandika sahihisho, akalisoma mara moja. Hakuwahi kuthibitisha jambo asilolisoma mara mbili. Kabla ya mara ya pili akaitwa kikaoni, na dirisha lile likafunikwa na mengine. Uangalifu uliomletea sifa alipokuwa mwanafunzi chuo cha ufundi ndio uliowafungia watu nje.

Akaukata muunganisho wake. Foleni ikaachia kwa kishindo, fomu zikamiminika, lakini saa sita ikagonga kabla hazijaisha.

"Dada." Sauti simuni ilikuwa imelowa. "Imeandika muda umekwisha."

Fundi akatazama saa ya kompyuta: sita na dakika moja.

"Si uko humo humo ndani? Niingize."

Mstari mmoja ungetosha: jina la mdogo wake, na saa tano na dakika hamsini na nane. Kumbukumbu za seva hazikuwa na msomaji mwingine ila yeye. Vidole vilikwisha kugusa herufi ya kwanza. Badala yake akaiuliza seva ni wangapi waliorudishwa mlangoni.

Mia mbili na kumi na watatu.

Akafuta ile herufi, akageuza kiti.

"Mzee, mhuni ni mimi. Naomba mlango ufunguliwe tena, kwa wote."

Mkuu aliinama akasoma mstari wa kumi na saba, kisha akaweka kikombe chini polepole.

"Binti, unajua nitalazimika kumwandikia nini mkurugenzi?"

"Andika jina langu."

Mkurugenzi alitoa saa moja ya nyongeza. Alitoa pia amri nyingine: nywila za fundi zifutwe mara moja, na asubuhi afike ofisini kwake na barua ya kujieleza.

Saa saba kasoro dakika kumi simu ikalia.

"Dada! Nadhani imeingia! Hebu niangalizie huko, mimi siamini."

Akaandika amri aliyoiandika kila siku kwa miaka mitatu. Dirisha jeusi likamjibu kwamba halimtambui.

"Nisomee wewe," alisema, akinyoosha waya wa kipanya. "Nisomee polepole. Halafu urudie."