Bendeji Haifunguliwi kwa Udhu

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati ya Bute, Muuguzi Msimamizi alinikabidhi koti jeupe lililonizidi mabega, akanipeleka moja kwa moja kwa majeruhi aliyekuwa akivuja damu. Nikafunua kitambaa kilichofunika jeraha nione. Nikachapwa kofi mkononi.

"Unachungulia nini?" akauliza Msimamizi, mama Msomali wa Garissa, mkali kama pilipili. "Jicho halizuii damu. Bonyeza!"

Nilikuwa nimetoka Taita na cheti na kiburi changu. Alinifundisha upya. Kitambaa safi, viganja viwili, uzito wa mwili wote. Kikilowa, ongeza kingine juu yake. Huna glavu? Vaa mfuko wa plastiki. Majivu na kinyesi cha ngamia ni marufuku, huleta usaha. Damu ya mkono au mguu ikikataa kabisa kukoma, ndipo unafunga tambara pana kati ya jeraha na moyo, si kwenye kiungo, unalikaza kwa kijiti, unaandika saa, na hulilegezi mpaka hospitalini.

"Na ujifunze wagonjwa wetu wanavyoswali," aliongeza, "la sivyo watazifungua bendeji zako zote." Sikumwelewa, lakini nilijifunza.

Nilimwelewa nilipohamishiwa Banissa. Tulikuwa katika safari ya chanjo, gari likakwama kwenye lugga, yaani mto mkavu. Tukiwa tunangoja msaada, wakaja Mzee Adan, mfugaji, na mkewe Halima. Dume la ngamia lilikuwa limemng'ata mzee mkono wa kushoto, na damu ilichuruzika hadi kwenye viatu. Nilimlaza, nikauinua mkono, nikabonyeza mpaka viganja vikafa ganzi. Vitambaa vitatu! Damu ikakoma. Nikafunga bendeji huku nikijisifu kimoyomoyo.

Alasiri ikaingia. Mzee akaanza kuvuta fundo.

"Adeer, unafanya nini?" Nilimwita ami, kama wanavyoitana huko.

"Natawadha," akajibu kwa lafudhi yake ya Kisomali. "Mkono lazima ubate maji."

"Ukifungua, damu itarudi, na hospitali iko mbali. Utakufa."

"Heri nife na udhu."

"Lakini dini yako inaruhusu kupangusa tu juu ya bendeji."

Akautazama msalaba shingoni mwangu. "Wewe mtu wa kanisa, unanifundisha dini?"

Nilikasirika, ila niliogopa zaidi. Doa jekundu lilikuwa limeshaanza kutokeza. Nikamgeukia mkewe. "Mama, mimi haniamini. Mwambie wewe."

Halima alicheka, akasema kwa Kiswahili ili nami nisikie, "Adan, mimi nilibofunjika mguu, sheikh alisema nini? Si nilibitisha mkono wa maji juu ya blasta?"

Mzee akaliachia fundo. Akapangusa juu ya bendeji, akaswali akiwa amelala, nami nimeushikilia mkono ule usishuke.

Baadaye nilihudumu Hagadera, nikastaafia Garissa nikiwa Muuguzi Msimamizi. Najivunia, wala sioni haya kusema: kila kijana aliyepita mikononi mwangu alijua kuzuia damu, na alijua vipindi vya swala. Mzee Adan alipona, akarudi kukamua ngamia wake kwa mikono yote miwili.

Vijana huniuliza, katika miaka yote hiyo, nilipewa zawadi gani. Nawaambia kwamba Mwislamu akimaliza swala hutoa salamu kulia, kisha kushoto. Siku ile nilikuwa nimepiga magoti kushoto kwake. Alipogeuka, macho yetu yakakutana, na salamu ile aliitoa taratibu kuliko ya kwanza.

Nikaitikia.