Kura ya Chuo cha Porini

Nyumbani kwetu Turffontein hakuna jambo lililoamuliwa bila mkutano. Baba alikaa uhamishoni Morogoro miaka mingi pamoja na wapigania uhuru wenzake, na aliporudi Afrika Kusini na mke Mtanzania alirudi pia na tabia za kambini: agenda, mwenyekiti, katibu, kunyoosha mikono. Hata friji tuliipigia kura. Baba mwenyekiti, mama katibu, mimi mjumbe pekee. Ilinikera kweli.

Jumamosi moja ya Januari 2018 agenda ilikuwa mimi. Vyuo vikuu viwili vilikuwa vimenikubali, na nilitakiwa kujibu kabla ya Jumatatu. Kimoja kilikuwa hapa hapa Johannesburg, na zamani kilikuwa cha wazungu. Cha pili kilikuwa kaskazini, mwendo wa saa kadhaa kwa basi, kimojawapo cha vile ambavyo serikali ya makaburu iliwajengea weusi mbali na mji ili wasisogelee vya wazungu. Baba alisoma huko mpaka alipofukuzwa kwa sababu ya mgomo. Watu wa rika lake wanakiita chuo cha porini.

“Sikwenda uhamishoni ili mwanangu arudi porini,” baba alifungua. “Eish, milango tumeivunja sisi. Ingia!”

Mama akainua kalamu. “Mwenyekiti, naomba kueleweshwa. Chuo cha weusi maana yake nini? Kwetu Tanzania vyote ni vya weusi.”

“Hapa si Tanzania.”

“Naona.”

Nilicheka. Sekondari nilisoma shule nzuri ambako darasani tulikuwa weusi wanne tu, na kwa miaka mitano nilijibu maswali kuhusu nywele zangu. Nilichoka. Nilitaka kukaa darasani bila kuwa mgeni wa mtu. Lakini niliziwaza pia ofisi za makampuni makubwa kule Sandton, jinsi watakavyosoma jina la chuo kwenye cheti changu na kukisukuma chini ya vingine. Nikiegemea huku najiona mwoga, nikiegemea kule najiona mjinga. Sikujua kama nakitaka chuo cha kaskazini au nawakimbia watu tu.

Kutoka uwanja wa mbio za farasi wa jirani sauti ya mtangazaji iliingia dirishani, ikipanda na kupanda. Baba akafunga dirisha, akaitisha kura.

“Wanaotaka kaskazini?”

Mama alinyoosha mkono. Baba akamkodolea macho. “Komredi katibu, chuo chenyewe hukijui!”

“Nakijua. Tulipokuwa Morogoro ulinisimulia miaka miwili. Ukumbi, vilima, yule mpishi aliyewaficha jikoni siku polisi walipokuja. Hujawahi kunisimulia mahali pengine ukiwa na uso ule.”

Baba alinyoosha mkono wake kwa Johannesburg, nusu tu, kiwiko kikiwa bado mezani. Kura moja kila upande. Wakanigeukia.

“Naomba nisipige,” nilisema.

“Mkutano huu haujui mambo hayo,” alisema mwenyekiti.

Nikanyoosha mkono kwa kaskazini. Ningependa kuandika kwamba niliamua. Mkono ulikwenda, kichwa kikabaki nyuma, na hata leo sijui vizuri kwa nini haukwenda upande mwingine. Niliogopa kumtazama baba.

“Imepita,” alisema kwa sauti kavu. Mama akaandika. Kisha tukangoja afunge mkutano tukale, lakini hakufunga. Alivua miwani, akaifuta kwa shati muda mrefu.

“Mengineyo,” alisema.

Hakuna aliyekuwa nayo. Katika mikutano yetu hatukuwahi kuwa nayo.

“Mimi ninalo moja.” Sasa alikuwa ananitazama mimi, si mjumbe. “Ukifika huko, binti yangu, pita ofisini uwaulize kama faili langu bado lipo. Nilibakiza mitihani miwili tu. Waulize kama wanapokea wazee.”

Nilimtazama mama nione ataliandikaje hilo. Alikuwa ameweka kalamu chini.