Sinia la Pilau na Chujio la Oili

Mwenye ndege yetu alikuwa mnunuzi wa korosho, na ndege aliijua kama alivyojua gunia: ikijaa, iondoke. Ilikuwa ndege ndogo ya injini moja, ikipeleka wageni kutazama Mnazi Bay na mdomo wa Ruvuma kutoka juu. Rubani alikuwa mume wangu. Fundi mimi.

Kila ikitimiza saa mia za kuruka, injini lazima ifunguliwe. Plagi zitolewe, silinda zipimwe, nyaya za usukani zikaguliwe, oili imwagwe, chujio lake likatwe litazamwe ndani. Ni kazi ya kulala chali shingo ikikakamaa, petroli ikikuchoma kwenye mikwaruzo. Na chujio la kuagiza ng'ambo halina bei ya chujio la pikipiki. Hilo bosi hakunisamehe kamwe, utadhani nililitengeneza mimi.

Kwenye dua, lakini, hakuwa bahili. Kila ukaguzi ulipokaribia alichinja mbuzi, ubani ukafukizwa mpaka mkiani mwa ndege, tukala pilau kwenye sinia chini ya bawa. Dua naiamini, na amina yangu ilisikika kuliko yake. Ila yeye akishanawa mikono, kwake matengenezo yamekwisha.

"Si tumeshaifanyia dua?" ataniuliza, huku anachokonoa meno. Mtu mzima na ndevu zake!

Mwaka ule akazua upumbavu mpya. Msimu wa kupulizia mikorosho dawa ya ukungu ulipofika, alijaza mifuko ya salfa kwenye banda la ndege, eti kukodi ghala ni hasara. Unga wa njano ukatanda kila mahali, na kila injini ilipowashwa pale mlangoni, ikauvuta. Nilimwambia. Akanijibu kwamba salfa ni dawa.

Ukaguzi ulipowadia, wageni wake walikuwa wameshafika hotelini, akataka niweke saini bila kufungua kitu. Nikafungua. Nilikata chujio la oili, nikaikunjua karatasi yake juu ya lilelile sinia la pilau, nikapitisha sumaku. Ikaota manyoya ya chembe za chuma. Injini ilikuwa inajitafuna.

"Haziwezi kuoshwa?" bosi akauliza.

Nilitamani kumrushia spana.

"Hii ni injini yenyewe inayoisha, mzee. Ikizimika juu ya mikoko ya Ruvuma, pa kutua hakuna."

"Mbona jana imeruka? Usiniaibishe mbele ya wageni, fundi. Weka saini. Dua tumeshasoma."

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa kimya, kwa kuwa mshahara wetu sote ulitoka mfuko mmoja, na kwa ukimya ule nilimchukia. Nilimchukia na huku naogopa, maana nilishamwona kwenye tope la mikoko, mkanda bado umemfunga kifuani.

"Haya, naweka," nikasema. "Ila kesho ukae wewe kiti cha mbele, kando ya mume wangu."

Bosi akatazama saa yake. Akatazama mifuko ya salfa. Kisha akakumbuka kwamba kesho ana msiba Kitaya.

Mume wangu akatoa ufunguo wa ndege mfukoni, akauweka kwenye sinia, pembeni ya zile chembe.

"Tufikishie pole kwa wafiwa," akamwambia.