Mumunye Lililovaa Sweta

Siku niliyomwona Jaswinder Kaur kwa mara ya kwanza, alikuwa amesimama kwenye mvua ya Machi pale Harrow, na jembe la Kisumu begani. Lilikuwa jembe hasa, la mpini wa mti. Alikuja nalo kwenye ndege akiwa ameliviringisha ndani ya blanketi, na mwanawe Balbir aliniambia baadaye kwamba uwanja wa ndege waliliuliza jembe maswali mengi kuliko waliyomuuliza mwenyewe.

Mwaka ule wa 1968 Wahindi wa Kenya walikuwa wakishuka London kila siku. Mimi nilikuwa nimewatangulia, kutoka Pemba, nikiosha mabasi gereji. Nilikodi kipande cha bustani cha baraza la mtaa kwa sababu moja tu: viazi havimsemeshi mtu. Mimi ni mtu wa haya. Nilikuwa naweza kumaliza wiki nzima bila kusema neno ila asante kwa kondakta.

Nilipomwona anakuja upande wangu nikajificha nyuma ya kibanda.

"Wewe bwana! Nakuona. Unajua Kiswahili?"

Nikatikisa kichwa kwamba sijui.

"Kama hujui, mbona umejibu?"

Ndivyo nilivyokamatwa.

Kipande cha jirani kilikuwa chake, yaani cha Balbir, lakini Balbir alikuwa akija pale kubeba vitu tu. Yule mama alikuwa na mbegu za mumunye alizozifunga kwenye pembe ya mtandio wake, na alikuwa na sharti, ambalo alinieleza siku ileile bila kuulizwa.

"Nchi isiyotoa mumunye si nchi ya mtu kukaa. Nimeipa msimu mmoja. Nisipopata, narudi Kisumu kwa dada yangu."

Nilidhani anatania. Balbir akanipeleka nyumbani kwao akanionyesha sanduku la bati lililokaa katikati ya njia ukumbini, karibu na mlango, limefungwa kwa kamba. Hakuna aliyeruhusiwa kulifungua wala kulisogeza. Kila mtu wa nyumba ile alikuwa na jeraha la muundi.

"Kaka Soud, Mama hatanii," alisema. "Dada yake alichukua uraia wa Kenya, nyumba anayo, na anamwita. Nilimnunulia tango kubwa dukani nikasema, Mama, hili si karibu sawa? Akaliamkia kama mgeni, akalirudisha kwenye karatasi yake. Tafadhali msaidie."

Sasa sikilizeni kosa letu. Kisumu mvua ikianza unapanda. Pemba mvua ikianza unapanda. Ilikuwa Machi, na mvua ilikuwa ikinyesha. Mama Balbir akanitazama, nami nikamtazama, tukatazama juu.

"Masika," alisema.

"Masika," nikasema, na hilo lilikuwa neno langu la kwanza la hiari.

Tukapanda nusu ya mbegu. Zilipoanza tu kuchungulia, jalidi, ule umande unaoganda kuwa barafu, ikaanguka, na asubuhi miche yote ilikuwa imelala kama mchicha uliochemshwa. Mvua ikanyesha tena. Tukapanda tena, tukabakiza mbegu chache tu. Hapo jirani yetu wa upande wa pili, mzee wa Kiingereza aitwaye James, akashindwa kuvumilia. Tulikuwa tukiamkiana kwa vichwa mimi na yeye muda mrefu bila kusemezana, maana naye alikuwa na haya kama mimi. Alikuja na mfuko wa mbolea ya unga ya dukani, akaunyoosha mbele.

Mama Balbir akaunusa.

"Hii dawa ya panya. Mwambie mimi sili dawa, nakula mboga."

Kiingereza changu kilikuwa cha shule ya msingi. "Anasema asante," nikamwambia James.

"Hujasema nilivyosema! Mbona anacheka?"

James alielewa vizuri. Aliuondoa mfuko, akachimba shimo, akaonyesha kwa kidole upande wa zizi la farasi chini ya kilima. Lijae mavi mabichi, alisema, juu yake udongo, juu ya udongo dirisha kuukuu. Na tungoje mpaka Mei, mvua inyeshe isinyeshe, kwa sababu hapa hutazami mvua, unatazama baridi.

Mavi tuliyabeba kwa kigari cha kusukumia mtoto wa Balbir. Niliomba tukifunike kwa shuka, kwa aibu, na hilo ndilo lililotuponza. Bibi mmoja wa Kiingereza akatusimamisha njiani, uso umejaa upendo, akainua pembe ya shuka amwone mtoto. Aliishusha taratibu mno. Kisha akanitazama mimi, si Mama Balbir, kana kwamba baba ni mimi.

Lakini shimo lilifanya kazi. Ukiweka mkono juu ya udongo ulikuwa na joto la mkate uliotoka tanuri. "Huyu mzungu anajua kulaza mtoto," alisema Mama Balbir, na tangu siku hiyo James akawa analetewa chapati. Wadudu tuliwamwagia maji ya sabuni. Majani ya chai, maganda ya vitunguu na majivu, vyote viliingia ardhini. Katika zile mbegu zilizobaki, tulizozipanda Mei, mche mmoja tu ulipona. Ukapanda juu ya fito, ukatoa maua meupe ambayo hufunguka jioni, na hakuna mdudu wa Harrow aliyekuja kuyatembelea.

"Inabidi tuyaoze wenyewe," alisema Mama Balbir. "Chuma lile la kiume, uliguse la kike, hili lenye kimumunye kidogo nyuma yake. Hiyo kazi ya mwanamume."

"Mama Balbir, naona haya."

"Ua ndilo lione haya! Wewe una nini?"

Nikachuma, nikafumba macho, nikanyoosha mkono. Nyuma yangu alianza kuimba wimbo wa harusi wa Kipunjabi, na James, asiyejua kinachoendelea, akaanza kupiga makofi. Ghafla wimbo ukakatika.

"Fumbua macho! Unaoza kabichi!"

Mara ya pili nililenga. Akanitia kipande cha sukari guru mdomoni, kama mshenga aliyefanikiwa.

Mumunye likashika. Lilikua polepole, na Septemba ikaingia na baridi yake. Wakati huo nilikuwa naogopa kuliko Balbir, ingawa sikumwambia mtu. Nilikuwa nimezoea kugombezwa kwa Kiswahili kila Jumamosi, na kila nilipoingia kwao nililitazama lile sanduku kama bado limefungwa kamba. Kila nilipopita nilimwambia mumunye, kimyakimya, akue haraka bwana.

Redio ikataja jalidi. Nikashauri tulichume hivyohivyo.

"Dogo hilo. Mtoto hatolewi tumboni kwa sababu ya redio."

Kesho yake nikalikuta limevaa sweta la bluu lenye shingo na vifungo. Balbir alikuwa amelitafuta sweta lake la kazini nyumba nzima, na alipokuja bustanini alisimama akalitazama lilivyofumuliwa na kufumwa upya kwa kipimo cha mwenzake. "Limempendeza," alisema, akaenda kazini akitetemeka. James akaleta kofia ya sufu ya kufunikia birika, akalivisha kichwani, akarudi nyuma akavua ya kwake.

Jalidi ilianguka. Majani ya viazi vyangu yaliungua. Mumunye lilikaa ndani ya sufu yake kama mstaafu.

Tulilila Jumapili, nyumbani kwao, limepikwa na dengu. Nilikaa ukingoni mwa kiti. Mama Balbir akala tonge la kwanza, akatafuna, akatafuna.

"Halina ladha," alisema.

Balbir akalitazama sanduku. Mimi nikatazama sahani.

Akala la pili. "Mavi yalikuwa kidogo. Mwaka kesho shimo liende chini zaidi." Kisha akageuka kwa hasira. "Na hili sanduku nani ameliweka njiani? Watu watavunjika miguu!"

Tulilifungua jioni ileile. Mlikuwa na sufuria, picha ya marehemu mumewe, na mpini wa pili wa jembe.

Tangu hapo tulilima pamoja kila mwaka, na kila mumunye lilikuwa na sweta lake. Balbir aliacha kununua ya bluu.

Mama Balbir nilimwona mara ya mwisho hospitali, Septemba, nywele zangu nazo zimeshaanza mvi. Balbir alikuwa ameteremka kutafuta chai. Nami, mtu wa haya, nikamshika mkono tu. Akafumbua macho, akalitazama dirisha lilivyofanya ukungu, akanigeukia kama aliyemkuta kibarua amekaa saa za kazi.

"Soud," alisema, "baridi yote hii umekaa hapa, na lile mumunye liko nje uchi? Nenda kalivishe."