Mzigo wa Kuni Kule Uingereza

Mkono wangu wa kushoto haunyooki. Wateja ninaowasuka nywele pale Kenyatta Market huuliza kama nilizaliwa nao hivyo, nami huwaambia wainamishe kichwa tumalize kazi. Leo nitasema. Ulivunjwa kwa rungu na askari wa msitu. Yule askari yuko hai, amenenepa, siku hizi ni mzee wa kanisa, na kila Jumapili hupitisha kikapu cha sadaka mbele yangu kama mtu ambaye hatujawahi kukutana naye. Jina lake silitaji kwa sababu binti yangu ameniomba nisilitaje. Akisoma hapa atajijua. Na yule mwanamume aliyenipa mimba akahama bila kuaga, naye ajijue.

Hayo nimeyatoa kwanza ili yasinikabe. Nilichokaa chini kuandika ni shukrani, na kwa kuwa masomo yangu yaliishia darasa la sita, nitaandika vile ninavyoongea.

Kwetu mwanamke akijifungua, wenzake hawaji mikono mitupu. Wanakuja na kuni mgongoni, na unga, na njahi, yale maharagwe meusi ya mzazi, wakiimba kutoka mbali, na kuni hutuliwa mlangoni kwa kishindo ili mzazi aliyelala ndani asikie kwamba ana watu. Tunaita itega. Mimi nilipomzaa binti yangu, kwenye ploti moja ya mabati huko Kawangware, hakuna aliyeniletea hata kijiti. Wanawake wa ploti walisema mtoto hana baba, sasa itega ipelekwe kwa nani? Nilisikia wakisema, ukuta ulikuwa bati tu. Nikakaa na baridi mpaka nikachoka, nikamfunga mtoto kifuani, nikaenda msituni upande wa Ngong Road kujiletea itega yangu mwenyewe.

Askari alinikuta na mzigo tayari mgongoni. Sikukimbia, ningekimbia vipi. Rungu lilikuwa linakuja palipokuwa na mtoto, nikaweka mkono.

Tangu siku hiyo sikuingia tena mahali penye miti mingi. Hata nikitoka Karen kwa gari, hutazama upande wa barabara usio na msitu mpaka tukaribie Adams Arcade, penye maduka na watu.

Mtoto yule alikua, akasoma, akaenda Uingereza kulea wazee. Akaolewa huko na kijana wa kwetu Kenya, mtu wa magharibi, mpole sana. Mwaka juzi walipata mtoto msichana. Wiki chache baadaye kijana akanipigia simu.

"Mama, mtoto yuko sawa. Ni mwenye mtoto."

"Ana nini?"

"Haongei. Ananyonyesha, anarudisha mtoto kitandani, anaangalia ukuta. Nesi amesema ashuke chini, atoke nje, atembee. Hataki. Mama, mimi naogopa."

Nilienda. Kwao mkwe hawezi kulala paa moja na mama ya bibi yake, kwa hiyo alipiga simu kijijini kwanza kuomba ruhusa, na hata alipopewa, alikuwa akinisalimia kutoka mlango wa jikoni huku anaangalia friji. Nilicheka kimoyomoyo, lakini nilimpenda.

Binti yangu alikuwa juu, pazia zimefungwa. Nilimpikia njahi, akala vijiko viwili. Nilimkorogea uji wa wimbi, ukapoa hapo kando ya kitanda. Nilimwogesha mtoto, nikamwimbia, nikamwekea mikononi, akamshika kama mtu anayemshikia mwingine kitu. Siku ya tatu nikakosa subira.

"Mami," nikamwita, vile kwetu tunavyoita mabinti, "nani amekukosea? Nitajie."

Akaongea na ukuta. "Hakuna mtu, Mama. Hiyo ndiyo shida. Nilizaa, na hakuna mtu amekuja. Anayebisha hapo chini ni wa kuleta vifurushi, na si vyangu, ni vya jirani."

Nilishuka nikasimama kwenye dirisha la jikoni. Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na shamba la ngano, ngano changa bado, na katikati yake njia imepita imenyooka, kama ninavyopasua nywele kwa mkia wa kitana. Mwisho wa njia palikuwa na msitu. Mdogo, lakini msitu.

"Hiyo njia inaenda kwa nani?" nikamuuliza mkwe.

"Haiendi kwa mtu, Mama. Inapita tu."

"Inapita tu kwa shamba ya mtu?"

"Eeh. Mkulima analima, lakini njia hawezi kufunga. Sheria imesema ni ya kila mtu."

"Na askari wa msitu anakaa wapi?"

"Hakuna askari, Mama."

"Na mbwa?"

"Mbwa ni za watu wanatembea. Zinakulamba tu."

Nikamwambia, kijana, wewe umekaa huku mpaka wamekudanganya. Akaiambia friji kwamba anasema ukweli.

Asubuhi iliyofuata, alipoenda kazini, nilichukua leso mbili nikatoka. Penye lango dogo la mbao nilisimama nikaita hodi. Hakuna aliyejibu. Nikaita tena, kwa sauti. Kondoo mmoja kwenye shamba la pili aliinua kichwa, akanitazama, akaendelea kula. Nikaona basi, nimeitikiwa.

Ngano ilinifika kwenye kifundo cha mguu. Nilikuwa nageuka kila mara kuona kama kuna mtu ametoka kunifukuza. Hakuna. Nilipofika penye miti nilishika mti wa kwanza kama mtu anayeshika ukuta kwenye giza.

Na hapo nikaona kile ambacho ningekikosa maisha yangu yote kwa sababu ya mtu mmoja. Chini ya miti palikuwa na maua ya buluu, mengi hata udongo haukuonekana, kama mtu ametandika leso moja kubwa akaenda zake. Majani ya miti yalikuwa ndiyo yanatoka, laini, mwanga unapita ndani yake. Msitu wenyewe haukuwa mkubwa, ungesimama upande huu ukaona kumeng'aa upande wa pili. Kulikuwa na kijito na ubao umewekwa juu yake ili mtu asiloe viatu. Nilijiuliza ni nani aliyewaza viatu vya mtu asiyemjua.

Nikaanza kazi. Niliokota zilizoanguka tu, kavu. Mkono mbaya hauna nguvu lakini haujasahau. Nilipanga kuni, nikazifunga kwa leso moja, ya pili nikaisokota kuwa mkanda wa kupitisha kichwani, nikainua mzigo.

Ndipo nikamwona. Mzee mzungu, koti la kijani, mbwa mbele, na mkononi fimbo nene.

Sijui nilianguka vipi. Najua nilikuwa magotini kwenye maua, kuni zimetawanyika, nimefunika kichwa kwa mkono ule ule. Nikangoja.

Haikuja. Nilipochungulia, mzee alikuwa amesimama pale pale mbali. Aliiweka fimbo yake chini, polepole, akaonyesha viganja vyake viwili, vitupu. Akamkalisha mbwa. Akasema maneno, na kwa Kiingereza changu kidogo nikashika kwamba anauliza kama niko salama. Nikasema yes, yes.

Akaja akainama, na magoti yake yalikuwa mabovu kuliko yangu, akaziokota kuni moja moja na kuzirudisha kwenye leso. Nilimfanyia ishara ya mtu anayebembeleza mtoto, nikaonyesha ile nyumba. Akatikisa kichwa kwamba ameelewa, ingawa sidhani. Halafu akashika mzigo kwa mikono miwili, akanitwika, akakaza ile leso kichwani pangu mpaka nikamwonyesha inatosha. Mwanamume, mzungu, mwenye fimbo, akanitwika kuni kama mwanamke mwenzangu. Akanishikia lango nikapita.

Nililia shamba zima la ngano.

Mlangoni nilijifuta uso, nikaingia hadi chini ya ngazi, nikatua kuni kwa kishindo. Nikapiga vigelegele vitatu, ambavyo kwetu ni vya mtoto msichana. Nyumba yote ikalia. Nikasikia kitanda, nikasikia miguu. Binti yangu alitokea juu ya ngazi, nywele zimesimama, akashuka mpaka katikati.

"Mama! Ni nini hiyo?"

"Itega yako. Umesema hakuna mtu amekuja. Nimekuja."

Akaangalia kuni, akaangalia magoti yangu yenye matope, akaangalia tena kuni.

"Mama, nitapikia wapi? Hapa hakuna jiko la kuni. Ukiwasha moto king'ora kitalia mpaka wazimamoto waje."

"Waje basi. Si ulitaka wageni?"

Alicheka. Kwanza kidogo, halafu akakaa kwenye ngazi, ameshika tumbo palipopasuliwa alipojifungua, anasema Mama wacha, Mama inauma, na hawezi kuacha. Kicheko kikageuka kilio, nikapanda nikakaa naye. Akaniuliza, "Wewe nani alikuletea zako?"

Alijua mkono ulivunjika. Hakujua kwamba yeye mwenyewe alikuwa hapo, amefungwa kifuani. Nilimweleza yote, na kwake nilitaja majina. Akachukua mkono wangu uliopinda akaushika kwa mikono yake miwili, na mtoto alipolia huko juu, alienda yeye kabla yangu.

Kesho yake nilimfunga mtoto mgongoni kwa mama yake, tukatoka. Alitembea hadi lango tu, tukarudi. Siku iliyofuata hadi penye miti. Kabla sijaondoka alikuwa akivuka ule ubao wa kijito peke yake. Si kwamba huzuni iliisha kama taa inavyozimwa. Kuna asubuhi alirudi kitandani, na nesi aliendelea kuja. Lakini alikuwa akiamka tena.

Yule mzee tulikutana naye mara nyingine. Binti yangu alimweleza kuhusu itega, mzee akavua kofia, akamwangalia mtoto. Alisema kule watu hawaokoti kuni hivyo, ila yeye ndiye anayetunza ule msitu, na zile alinipa. Hata jina lake sikuuliza. Ninamwombea bila jina, na Mungu anajua nasema nani, kama anavyojua yule mwingine ni nani kikapu kinapopita. Huyo wa kikapu sijamsamehe. Nimeacha tu kumwachia miti.

Kuni hizo bado ziko pale kando ya mlango. Mkwe aliuliza kama azitupe, akaambiwa ni za mtoto. Na siku nyingine, hapa sokoni, simu hulia nikiwa na kichwa cha mtu mikononi. Naiweka kwenye spika kando ya vitana. Ni binti yangu, yuko njiani, ananiambia ningoje kidogo afungue lango. Nasikia anaita hodi, halafu nasikia kondoo.