Shahada ya Maziwa

Habaryar, ndivyo tunavyomwita mdogo wa mama, anauza maziwa ya ngamia sokoni Garissa tangu kabla sijaolewa. Mimi hukaa naye kwa sababu Kiswahili changu ni cha darasa la nane, na chake ni cha "leta kikombe" na "chenji hakuna." Kwa hiyo ofisa wa viwango alipokuja, mimi ndiye niliyekuwa mdomo wa wote wawili. Mpaka leo sina hakika kama nilifaa.

Mwenye hoteli aliyekuwa akichukua karibu maziwa yake yote alikuwa amesema hatachukua tena maziwa yasiyo na alama ya ubora. Hakusema kwa ubaya. Alisema wakaguzi wanamkalia, na yeye pia ana watoto. Bila hoteli ile Habaryar angerudi kuuza kikombe kikombe kwa kutembea juani, na magoti yake hayawezi tena.

Ofisa alikuwa mtu wa kutoka Kenya, kama tunavyosema huku tukimaanisha Nairobi na ng'ambo yake. Haki yake nimpe: alisalimu kwanza, akavua kofia, akapewa kikombe akanywa mpaka chini. Halafu akasema kwa Kiswahili cha vitabu, "Mama, maziwa yako ni mazuri. Tatizo ni kwamba hayana shahada."

Angesema cheti, tusingefika tulikofika. Kabla sijafungua mdomo, Habaryar alikuwa ameshalidaka lile neno moja analolijua. Kwetu shahada ni kukiri kwamba Mungu ni mmoja. Ndilo neno analosomewa mtu anapokata roho. Akaweka kifuniko chini.

"Muulize," akaniambia kwa Kisomali, polepole, "nani amemwambia maziwa yangu ni ya makafiri."

Hakungoja niulize. Aliinua kidole akaitamka shahada yote, akimtazama usoni. Ofisa akadhani ni dua ya kumwombea mgeni. Akainamisha kichwa, akasema, "Amina."

Soko lilicheka. "Ofisa, umeshaingia," mama wa meza ya pili alimwambia kwa Kiswahili chetu kinachogeuza p kuwa b. "Imebaki tohara bekee."

"Hiyo kwetu nilimaliza zamani, mama," akajibu, na wakazidi kucheka.

Habaryar hakucheka. Nilimweleza kwamba mtu huyu anataka karatasi tu, karatasi ya kusema maziwa ni safi.

"Karatasi inashuhudia vipi?" akauliza. "Anayeshuhudia ni aliyeona."

Nikatafsiri. Ofisa akaitikia kwa kichwa. "Mwambie ni kweli. Mimi sikuona. Ndiyo maana nataka maabara ione, halafu ishuhudie."

Jibu hilo lilimkalia Habaryar vizuri, niliona. Akamruhusu ofisa achote maziwa ya kupima kwenye mtungi wake wa plastiki, ule wa manjano uliokuwa wa mafuta ya kupikia. Ofisa akajaribu kupitisha mkono mdomoni mwa mtungi. Viliingia vidole tu. "Hizi pembe za ndani anaziosha vipi?" Habaryar akasema anaosha kwa maji ya moto, kisha anafukiza kwa kijinga cha moto, kama mama yake. Niliwaza kwamba mama yake alifukiza chombo cha kusukwa, chenye mdomo mpana. Sikusema. Mkalimani hajaulizwa.

Majibu yalipotoka, ofisa alikuja mwenyewe. Angeweza kupiga simu. Alisimama mbele ya meza akaniambia maziwa hayakupita, yana vijidudu vingi, na alama haiwezi kutolewa mpaka mtungi uachwe, itumike mikebe ya alumini.

Nilitafuta neno la Kisomali la vijidudu. Mwisho nikamwambia Habaryar yana uchafu usioonekana. Sijui kama nilimtendea haki yeyote kwa neno hilo.

"Uchafu wangu?" Habaryar akauliza.

Nikamrudishia ofisa. Akatikisa kichwa haraka. "Wa mtungi. Si wa mama."

"Mtungi umeoshwa na nani?" akasema Habaryar. Mama wa meza ya pili akamwambia asimsikilize, hawa watu wanataka kuuza mikebe yao. Habaryar akamkatiza. "Nilimkubali kuwa shahidi kabla hajasema. Sasa amesema."

Pale pale akaja mteja na chupa yake ya chai, wa kila siku. Habaryar akamwambia leo hakuna. Mtungi ulikuwa umejaa, na mteja anauona. Aliondoka amenuna.

Maziwa hayamwagwi kwetu, ni neema. Nilimuuliza ofisa yale ya leo yafanywe nini. Akasema yakichemshwa vizuri hayana neno. Hapo nilisita kuliko siku zote, maana wazee wetu wengi wanaamini ukichemsha maziwa ya ngamia unamkausha ngamia mwenyewe, na Habaryar ni mmoja wao. Nilitafsiri kama alivyosema, bila kuongeza wala kupunguza.

Habaryar alikaa sana akivuta ncha ya shungi lake. Kisha akaniambia nikaazime sufuria kubwa kwa mama wa chai.

Niliwasha jiko nyuma ya meza, nikamimina. Yalipoanza kupanda Habaryar aligeuza kiti, akaupa moto mgongo, midomo ikisoma kitu. Ofisa alibaki amesimama na kofia mkononi. Mimi nilikoroga, nisijue nimtazame nani.